Gari la Wagonjwa Lilikwenda Bronx

Aliyekosa gazeti la Jumamosi iliyopita asijali, sitamwacha nyuma.

Naitwa Yarelis. Nina miaka ishirini na minne na binti mmoja, Lianys, wa miaka minne, mwenye pumu. Baada ya mwaka mpya nilirudi naye kwa mama yangu huku Utuado, milimani kwetu Puerto Rico, kwa sababu baridi ya New York ilikuwa inamkaba kifua. Mume wangu Gardo alibaki kwenye fleti yetu ya Bronx kutafuta riziki, atufuate mambo yakikaa sawa.

Nilirudi na kisanduku. Ni kidude chenye taa tatu. Ukikichomeka kwenye intaneti kinakuwa simu, na namba yake inabaki ileile ya Bronx hata ukikipeleka mwezini. Bondeni kwetu simu ya waya haijarudi tangu kimbunga king'oe nguzo, na simu ya mkononi haishiki mpaka upande kule juu kanisani. Waya wa televisheni ndio uliopanda mlima, na intaneti ikapanda nao. Kwa hiyo kila jioni Gardo anatupigia kama mtu wa nyumba ya pili, anamtakia mtoto usiku mwema, nami nalala na moyo mwepesi.

Halafu Washington ikatoa amri. Watu walikuwa wamepiga simu za dharura kwa vidude hivi na msaada haukuwafikia. Serikali ikaziambia kampuni: kila mteja aulizwe anakaa wapi, aonywe, apelekewe kibandiko cha onyo akibandike kwenye simu. Asiyejibu, akatiwe. Kampuni yangu nayo haina huduma huku kisiwani, kwa hiyo ikigundua uko huku, inakufungia laini.

Niliishia pale mtu wa kampuni aliponiuliza, "Uko wapi, bibie?"

Nikamtajia anwani ya Bronx. Ghorofa ya nne, mlango 4C. Akasema asante. Kibandiko kikatumwa hukohuko Bronx, simu ikabaki tupu mezani, na mama sikumwambia kitu.

Ndivyo nilivyonunua simu za Gardo za jioni. Sasa sikieni bei yake.

Jumanne mwalimu wetu wa darasa la jioni alikuwa na mafua, akatuachia kabla jua halijazama. Nikapanda mlima na vitabu vyangu, namshukuru Mungu nitamwogesha mtoto mwenyewe.

Sauti ya mama niliisikia nikiwa bado barabarani.

"Nimekwambia ni nyumba ya zambarau. Zambarau. Huko kwenu hamna rangi?"

Nikakimbia.

Lianys alikuwa kwenye kiti cha bibi yake, mikono imeshika magoti, mabega yanapanda na kushuka. Midomo ilishaanza kugeuka rangi. Kifua kilikuwa kinang'aa kwa mafuta ya menthol. Mama alishampaka mpaka puani.

"Kipulizio, Mama?"

"Nimempa. Kimekwisha."

Kingine kilikuwa kwenye mkoba wangu. Nikaumwaga mkoba wote sakafuni. Mama akawa bado anazozana na simu.

"Huyu mwanamke anataka namba ya mtaa. Mtaa gani? Nimemwambia kilomita tatu nukta nane, ukivuka daraja, kabla ya kanisa. Anasema kwao hakuna kilomita."

Nilijua hapohapo.

"Mama, umepiga namba gani?"

"Namba gani tena? Ile ya dharura. 911."

Nikamnyang'anya simu, nikaibana kwa bega, huku nampulizia mtoto dawa.

"Dada, mimi ni mama yake. Mtoto anashindwa kupumua."

"Pole, mdogo wangu, tulia," mwanamke akasema. Sauti ya kazi, haina haraka. "Gari limeshafika. Watu wangu wako mlangoni kwenu, wanagonga. Wafungulieni."

Nikautazama mlango wetu. Ulikuwa wazi. Nje kulikuwa na kuku wa mama na barabara tupu.

"Mlango gani, dada?"

"4C, ghorofa ya nne. Ndivyo ninavyosoma hapa."

"Hatuko huko."

"Namba yako ni ya Bronx."

"Namba ndiyo ya Bronx. Sisi tuko Puerto Rico. Utuado."

Nikasikia wenzake wanapokea simu nyingine nyuma yake.

"Na anwani hii nani alitupa?"

"Mimi."

Nilingoja anitukane. Ningestahili. Badala yake sauti ilibadilika, ikawa ya kwetu kabisa, ya mtu aliyelelewa na bibi wa milimani.

"Utuado upande gani?"

"Cedro Hueco."

"Sikia. Naitwa Ivelisse. Mashine yangu hainiruhusu kukurusha huko. Kitufe chochote nitakachobonyeza, simu yako itaangukia Bronx. Lakini nina shangazi Utuado mjini, anakaa nyuma ya kituo cha afya. Usikate. Nampigia kwa simu yangu mwenyewe."

"Si watakufukuza kazi?"

"Usikate."

Nikamsikia anaongea na mtu mwingine.

"Shangazi? Mimi. Hapana, si habari za harusi. Nisikilize. Vaa viatu. Shangazi, acha hiyo tamthilia, itarudiwa Jumapili. Vaa viatu uende pale kituoni, uwaambie kuna mtoto wa pumu Cedro Hueco, kilomita tatu nukta nane."

"Nyumba ya zambarau," mama akadakia nyuma yangu.

"Nyumba ya zambarau," Ivelisse akamwambia shangazi yake. Kisha akanirudia. "Anatoka. Amevaa kandambili, lakini anatoka. Mtoto yukoje?"

"Ananitazama. Haongei."

"Mkalishe wima, usimlaze. Chukua kikombe cha karatasi, toboa kitako, ingiza kipulizio hapo, mdomo wa kikombe umfunike pua na kinywa. Mpulizie, mhesabie pumzi taratibu. Bibi yake anafanya nini?"

Nikageuka. "Anachemsha kahawa."

"Ya nini?"

"Ya kumnywesha. Nyeusi, bila sukari."

"Mwambie Ivelisse anamheshimu sana, lakini kahawa ainywe mwenyewe. Na hayo mafuta ayafunike."

"Nimesikia," mama akasema, ingawa hakuwa amesikia. Alisoma uso wangu tu. "Mwambie mimi nimelea sita kwa kahawa hiyohiyo."

Nikatoboa kikombe. Nikapuliza. Lianys akavuta kidogo, akakohoa, akavuta tena. Filimbi ya kifua chake ningeweza kuisikia nikiwa uani.

"Subiri kidogo," Ivelisse akasema. "Watu wangu wa 4C wamefunguliwa. Kuna bwana anaitwa Boateng na familia yake, wako mezani wanakula. Mtoto mgonjwa hawamjui. Nawarudisha."

"Boateng? Gardo hayupo?"

"Gardo ni nani?"

"Mume wangu. Ndiye anayekaa hapo."

Akaongea na watu wake, akarudi. "Bwana anasema yeye amehamia tangu Pasaka. Aliyekuwepo kabla yake hamjui."

"Tangu Pasaka?" Nilisema kwa sauti. "Mama, umesikia? Kwenye fleti yetu kuna mtu mwingine, tangu Pasaka."

Mama alikuwa ameinama, anamfunga Lianys kamba za viatu.

"Mvalishe sweta," akasema.

"Mama."

"Kuna umande. Mvalishe."

"Mdogo wangu," Ivelisse akaniita, "mume baadaye. Mtoto anapumuaje?"

Vibaya. Anapumua vibaya. Nilikuwa nafungua kinywa nimwambie hivyo, jogoo akawika barabarani.

Honi ya Don Fao. Kila jioni giza likianza kuingia, Don Fao hupeleka kigari chake mpaka juu kanisani, halafu hushuka polepole akiuza mkate, honi inawika kama jogoo, na kipaza sauti juu ya paa kinapiga kelele, "Mkate laini, wa moto, mkate laini." Akasimama mbele ya nyumba yetu kama kawaida, akachungulia dirishani na mfuko mkononi.

"Doña Provi," akamwita mama, "leo mnachukua mingapi?" Kisha akamwona mtoto. Hakuuliza tena. "Panda, binti."

"Dada, kuna gari hapa la jirani," nikamwambia Ivelisse. "Nisubiri au niende?"

"Ukitoka hapo nitakupoteza. Simu hii haitembei nawe." Nilimsikia anavuta pumzi. "Barabara ya kushuka ni moja?"

"Moja tu."

"Shangazi anasema gari la wagonjwa limewashwa. Basi nenda, mtakutana njiani. Mwachie mama simu. Na, mdogo wangu."

"Naam."

"Ukipona na hili, andikisha unapokaa kweli. Leo nilikuwepo mimi."

Nikamwachia mama simu. Nikambeba mtoto, nikapanda.

Don Fao alishusha trei za mkate palepale barabarani ili gari liwe jepesi, akaacha kuku wa mama wakizichungulia. Akawasha kipaza sauti. "Pisheni, nina mtoto mgonjwa. Pisheni, nina mtoto mgonjwa." Alisema kwa mahadhi yaleyale ya mkate, maana mahadhi mengine hana, na watu wengine walitoka milangoni na hela mkononi, kisha wakaelewa wakarudi nyuma.

"Mami yuko hapa," nilikuwa namwambia Lianys. "Vuta. Toa. Vuta."

"Papi," akasema. Neno moja, kwa shida.

"Papi atapiga simu. Vuta."

Tulikutana na gari la wagonjwa juu ya daraja. Daraja letu ni la gari moja. Pua kwa pua. Mbele, karibu na dereva, alikaa mwanamke mzee aliyevaa kanzu ya nyumbani na vibano kichwani, ananyoosha kidole kuelekea nyumba ambayo hajawahi kuiona.

Akateremsha kioo. "Ni wewe wa Bronx?"

"Ni mimi, mama."

"Mlete."

Wakamwekea oksijeni hapohapo, juu ya maji, taa zinazunguka. Nilimshika mguu kwa sababu ndio uliobaki wa kushika. Nikaona rangi ya midomo yake inarudi, taratibu, kama picha inayotokea kwenye karatasi.

Kituoni daktari, kijana mwenye macho mekundu, alisikiliza kifua cha mtoto kwanza, halafu mimi.

"Dakika hizo zote mlikuwa wapi? Mbona hamkupiga 911?"

"Tulipiga."

Akaandika.

Tuliruhusiwa Jumatano mchana. Masharti yalikuwa matatu: dawa, kupumzika, na madirisha yafungwe jua likizama, hewa ya unyevu isimguse. Mama alifunga vibao vyote vya chuma vya madirishani kabla hata sijaweka mkoba chini. Nyumba ikawa kama ndani ya kopo.

Nilimpigia Gardo. Ikaita mpaka ikachoka. Nikapiga tena. Namba aliyonipa ni ya Bronx, aliniambia ni ya simu ya jikoni, pale kwetu. Jikoni ambako bwana Boateng anakula na familia yake.

Simu ya tatu haikuwa yangu. Kisanduku kiliita chenyewe, nikairukia simu.

"Gardo?"

"Habari za mchana, bibie. Napiga kutoka kampuni yako ya simu." Sauti ya kijana, ya adabu, kama anasoma. "Tumearifiwa kwamba jana gari la dharura lilitumwa kwenye anwani yako na halikumkuta mteja. Kwa amri ya serikali lazima nikuulize upya. Simu hii iko wapi?"

Nilimtazama Lianys. Alikuwa chini ya meza, anamvalisha mwanasesere kikombe cha karatasi puani na kumwambia avute.

"Nikikwambia haiko Bronx, inakuwaje?"

"Iko mji gani?"

"Puerto Rico, tuseme."

"Huko hatuna huduma ya dharura, bibie. Laini itafungwa. Ni kwa usalama wako."

"Na nikikwambia iko Bronx?"

Sasa kijana hakuwa anasoma. "Bibie, una mtoto?"

"Ninaye."

"Basi usiniambie iko Bronx kama haiko." Akakohoa kidogo, akarudi kwenye karatasi yake. "Nakupa mpaka kesho asubuhi. Usipojibu, mfumo unafunga wenyewe."

Nikaweka simu chini. Mama alikuwa anamenya ndizi mbichi, kisu hakikusimama hata mara moja.

"Mwambie ukweli akate," akasema. "Sisi tutashuka mjini kwa dada yangu mpaka walete waya wa kweli. Nyumba ya dada yangu iko karibu na kituo. Mtoto atalala, na mimi nitalala."

"Nitamwambia. Kesho."

"Kwa nini kesho?"

"Kwa sababu leo Gardo atapiga. Hii ndiyo namba pekee anayotupata kwayo. Nikiifunga kabla sijajua alipo, nampoteza, Mama. Mtoto anampoteza. Nataka simu moja tu. Nimuulize, nimsikie."

"Atajua pa kupita."

"Una uhakika gani?"

Kisu kikasimama.

"Kula," mama akasema. "Tangu jana hujala."

Jioni ikaingia. Huku kwetu huhitaji saa kujua, coquí wanakuambia. Ni vyura wadogo kama ukucha wa kidole gumba, jua likizama wanaanza kuliita jina lao, ko-kii, ko-kii, maelfu, na hawapatikani Bronx hata kwa dawa. Miezi ya mwanzo Gardo alikuwa ananiomba kila jioni, "Nipelekee simu dirishani, nisikie coquí kidogo." Nami nainyoosha nje mpaka mkono unachoka, nasikia anapumua upande wa pili kama mtu aliye kanisani.

Jioni hiyo walikuwa wanaimba nje, lakini kwa vibao vya chuma vilivyofungwa, ndani tuliwasikia kwa mbali sana, kama redio ya jirani.

Simu ikaita. Namba ya Bronx.

"Mpenzi," Gardo akasema.

"Nimekupigia leo."

"Nilikuwa kazini. Kifua cha mtoto kimetulia?"

Sikuwa nimemwambia. Hakuna mtu Bronx aliyejua isipokuwa Ivelisse, na Ivelisse hamjui.

"Kimetulia," nikasema. "Uko wapi?"

"Nyumbani. Jikoni. Nakaanga ndizi."

"Nifungulie dirisha nisikie treni."

Fleti yetu ilikuwa inatazamana na reli ya juu. Treni ikipita, sahani zinagongana. Tulivyokuwa tunailaani treni ile, na sasa nilikuwa naiomba.

"Huku kunanyesha," akasema. "Nimefunga."

"Fungua kidogo tu."

"Yarelis, una nini leo?"

Tukabaki tunasikilizana, na ndipo nikasikia.

Ko-kii.

Nikadhani ni wetu. Nikaziba kipaza cha simu kwa kiganja, nikageuka. Vibao vimefungwa. Nikaingia chumbani, nikajifungia na simu ndani ya kabati la nguo, katikati ya makoti ya baridi tusiyoyavaa tena. Humo hakusikiki kitu cha nje hata kidogo.

Ko-kii. Ko-kii. Sikioni mwangu. Karibu. Wengi.

Nikakaa juu ya viatu. Nikakumbuka ni lini mara ya mwisho Gardo aliniomba nimpelekee simu dirishani. Kabla ya Pasaka. Tangu hapo hajaomba tena, na mimi nilidhani amezoea.

Mlango wa kabati ukafunguliwa. Lianys.

"Mami, unajificha?"

"Naongea na Papi."

"Nipe."

Nikamwekea simu sikioni, nami nikaweka sikio langu upande wa pili.

"Binti yangu," Gardo akasema.

"Papi, nilipanda gari la taa. Lilikuwa na shangazi mwenye vibano." Kisha akasikiliza kama anavyosikiliza mtoto, kwa uso mzima. "Papi, nani amekuletea coquí?"

Nikaichukua simu. Nikatoka kabatini, nikasimama katikati ya sebule. Mama alikuwa mlangoni, ameegemea mbao, mikono kifuani.

"Gardo," nikasema. "Serikali inaniuliza swali moja, na kampuni inaniuliza hilohilo, na kesho asubuhi lazima nijibu. Mimi nilidanganya, na gari la mwanangu likaenda Bronx. Sasa nakuuliza wewe, na usinijibu haraka. Uko wapi?"

"Bronx," akasema. "Ghorofa ya nne, mlango 4C. Si unajua."

Alilisema neno kwa neno kama nilivyolisema mimi kwa kampuni. Kwa utulivu uleule.

Halafu, ndani ya simu, jogoo akawika.

"Mkate laini," kipaza sauti kikasema sikioni mwangu. "Wa moto, mkate laini."

Gardo hakukata simu. Sidhani aliweza.

Tukabaki hivyo, yeye upande wake na mimi wangu, tukiisikiliza sauti ya Don Fao ikipungua ndani ya simu, ikipungua, mpaka ikaisha. Nikawa nasubiri. Nilijua nasubiri nini.

Jogoo akawika nje ya nyumba yetu.

"Don Fao," Lianys akasema, akakimbilia mlangoni.

Don Fao hushuka kutoka juu. Kati yetu na kanisa ni mkunjo mmoja wa barabara, mtu anautembea kabla kahawa haijapoa. Nikaweka simu mezani bila kuikata, nikaenda mlangoni.

Mama hakusogea.

"Pisha, Mama."

"Usitoke na mtoto, kuna unyevu."

"Gardo yuko hapo juu."

"Najua alipo," mama akasema. "Chumba mimi ndiye niliyemtafutia."

Nje Don Fao alipiga honi ya pili, akingoja tumwambie mingapi. Nilimtazama mama yangu, mikono iliyomenya ndizi, mikono iliyofunga kamba za viatu.

"Tangu Pasaka?"

"Tangu Pasaka."

"Yuko hapo, na jana mtoto anageuka rangi kwenye kiti chako, na wewe unapiga simu kwa watu wa mbali. Mwanamume mzima yuko mkunjo mmoja wa barabara, Mama, na hukumwita?"

Mama alimvuta Lianys karibu na gauni lake, akamfunika sikio moja kwa kiganja.

"911 ilikuwa ya pili," akasema. "Nilimpigia yeye kwanza."

Nikaitazama simu pale mezani. Taa tatu za kisanduku zilikuwa zinawaka, na ndani yake mtu alikuwa anapumua.

"Hakupokea?"

"Alipokea," mama akasema.